Hapa Hakuna Anayeishi

1 Machi

Kambi imefunguliwa leo saa nne asubuhi. Ninaanza daftari hili kwa sababu moja tu: mwaka jana kampuni ya bima ilikataa kulipia bomba lililopasuka kwa barafu, ikidai kwamba sikuwa na kumbukumbu ya hali ya mali kabla ya tukio. Sasa kumbukumbu itakuwapo.

Mali: karavani nambari 41, safu ya pili kutoka baharini, kambi ya Marram Bank, pwani ya Lincolnshire. Ni nyumba ya bati yenye urefu wa futi thelathini na tano na upana wa kumi na mbili. Ina magurudumu ambayo hayajazunguka tangu iliposhushwa hapa, na chuma cha kuivutia ambacho hakijavuta chochote, kwa kuwa sheria inakitambua kitu hiki kuwa karavani mradi tu kiweze kuhamishwa. Hali: kuvu kwenye dirisha la bafu. Harufu ya kitambaa kilicholowa. Panya mmoja, mfu, ndani ya droo ya vijiko. Mke wangu, Noreen, amemtoa kwa karatasi ya jikoni huku akiimba.

Jirani wa nambari 42, Des Pykett, alikuwa amesimama kwenye baraza yake ya mbao akitutazama tukishusha mizigo. Zamani aliendesha malori. Ana umri wa miaka sitini na minane na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na injini ikiwa inanguruma.

"Baridi ilikuwaje huko Chesterfield, Profesa?"

"Sijawahi kuwa profesa."

"Najua. Ndiyo maana nakuita hivyo."

Noreen alicheka. Nikamwuliza Pykett alifika lini.

"Leo, kama nyinyi. Niko likizo."

Majani mbele ya mlango wake yamekanyagwa hadi udongo umebaki wazi. Dirisha lake la bafu halina kuvu. Mtungi wake wa gesi una kutu mpya pale unapofungwa, na kutu ya namna hiyo haitokei kwa saa mbili. Kambi ilifungwa tarehe 31 Oktoba, na maji yakakatwa. Mtu huyu amemaliza majira yote ya baridi humu, akichota maji kwa ndoo.

2 Machi

Mvua.

3 Machi

Mvua. Noreen amekwenda kucheza bingo kwenye klabu ya kambi.

9 Machi

Kuna kitenzi kimoja kisichotamkwa katika kambi hii. Kifungu cha tatu cha mkataba kinasema kwamba karavani ni kwa ajili ya mapumziko, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuishi ndani yake. Kwa hiyo hakuna anayeishi. Mwanamke wa duka la magazeti "yuko likizo" mwaka wa sita huu. Wazee wawili wa safu ya nne, ambao barua zao zote huja hapa, "wameshuka kidogo pwani." Wengine husema wanakaa, na kitenzi hicho kinaweza kumaanisha kuketi kitini, kulala siku mbili au kumaliza umri mzima mahali pamoja. Chini yake wanajificha kama watu chini ya mwavuli mmoja.

Kwa miaka thelathini na minne kazi yangu ilikuwa kutunga vifungu vya sheria kwa ajili ya serikali. Nilikuwa mtu anayeitwa neno linapokuwa na maana mbili, ili niliondolee moja. Nasikiliza mazungumzo ya hapa jinsi fundi wa piano anavyosikiliza kinanda cha baa.

21 Machi

Noreen aliinunua karavani hii miaka kumi na mmoja iliyopita kwa urithi wa mama yake. Nilimwambia wakati ule kwamba haikuwa uwekezaji. Akasema hakuwa amedai hivyo.

Naandika gharama mara moja, nisirudie tena. Ada ya kiwanja, inayopanda kila Januari bila sababu kutolewa. Gesi, ambayo lazima inunuliwe kwenye ghala la kambi. Bima, ambayo lazima ikatwe kwa kampuni waliyoichagua wao. Fundi wa kufungua maji na fundi wa kuyafunga. Ubao wa matangazo unatuita Wamiliki, kwa herufi kubwa. Tunachomiliki ni sanduku. Ardhi iliyo chini yake ni yao, waya ni zao, bomba ni lao hadi linapopasuka, na hapo huwa langu.

14 Aprili

Barua kutoka ofisini. Karavani nambari 41 inatimiza miaka kumi na mitano mwaka huu na, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na saba, itaondolewa kambini tarehe 31 Oktoba. Tunakaribishwa kununua mpya.

Noreen aliisoma amesimama. "Kumi na mitano? Tumekuwa nayo kumi na mmoja."

Tulikwenda ofisini pamoja. Meneja anaitwa Kirsty Mumby, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye funguo nyingi shingoni na mafua yasiyokwisha.

"Miaka inahesabiwa tangu ilipotoka kiwandani, Noreen. Mliponunua ilikuwa imeshatimiza minne."

"Hakuna aliyetuambia."

"Imeandikwa, mpenzi. Ukurasa wa sita. Wewe na Lionel mmetia sahihi."

Alitugeuzia karatasi. Sahihi yangu ilikuwa pale, imenyooka, bila wasiwasi. Mimi ambaye sikuwahi kupitisha mkato bila kuuhoji nilitia sahihi kurasa tisa bila kuzisoma, kwa sababu jalada lake lilikuwa na picha ya mpira wa ufukweni na nilikiona kitu kizima kuwa chini ya hadhi yangu.

Naandika pia, kwa kuwa kumbukumbu isiyo kamili haina faida, kwamba tulipokuwa tukirudi moyo wangu ulikuwa mwepesi. Miezi sita na nusu, kisha nisingeonja tena chai yenye ladha ya birika la bati.

15 Aprili

Upepo. Noreen anapaka rangi baraza.

16 Aprili

Bado anapaka. Nilimweleza kwamba hakuna maana ya kukipaka rangi kitu kitakachong'olewa Oktoba. Hakujibu.

19 Aprili

Leo ndiyo amejibu.

Tulikuwa mezani. Nilikuwa nimesema, bila nia yoyote mbaya, kwamba samaki hawa hawakuwa "freshi kabisa" kama alivyodai, kwani upya hauna daraja: kitu ni kipya au si kipya. Noreen aliweka uma chini.

"Lionel, unajua kwa nini naipenda karavani hii?"

Nikataja bahari, hewa na bingo.

"Bahari siitazami. Naipenda kwa sababu hapa watu wananiacha nimalize sentensi. Nikisema Jumanne kumbe ilikuwa Jumatano, Des anasema, 'Basi, Jumanne, ikawaje?' Nyumbani sijamaliza hadithi hata moja tangu tuoane. Nimepata mahali pamoja pasipo na mtu wa kunisahihisha, isipokuwa unapokuja nawe. Na sasa panaondolewa, na wewe umefurahi. Nilikuona ukitembea."

Nilitafuta kosa katika maelezo yake, kwa mazoea, nikakuta moja dogo la tarehe, nikaliacha.

20 Aprili

Nimeomba nakala kamili ya mkataba.

6 Mei

Ukungu umetoka baharini tangu asubuhi. Nambari 42 haionekani. Inasikika, hata hivyo. Pykett anasikiliza mashindano ya mbio za mbwa redioni kwa sauti inayotikisa glasi zetu. Nilikwenda kugonga.

"Redio yako iko juu mno."

"Wewe ndiye uko karibu mno, Profesa. Sogeza nyumba. Si ina magurudumu?"

Kifungu cha ishirini na mbili kinahusu kelele. Nimekiwekea alama.

17 Mei

Mkataba umetungwa vibaya kuliko nilivyotumaini. Kifungu cha kumi na saba kinasema kwamba ukomo wa umri "utatumika kwa karavani zote kwa usawa." Mtu aliyeliandika neno "usawa" alidhani analipamba. Amejifunga kwalo. Ikithibitika kwamba karavani moja tu yenye umri mkubwa zaidi imeachwa, kifungu chote kinapwaya.

Nimeanza kuzunguka kambi nikisoma mabamba ya kiwandani, yenye namba na mwaka wa kutengenezwa, chini ya madirisha ya nyuma. Nafanya hivyo saa za chakula, watu wakiwa ndani.

18 Mei

Nambari 7: miaka kumi na sita. Nambari 63: kumi na saba.

19 Mei

Nambari 42: kumi na tisa.

11 Juni

Leo sina lalamiko, nami naandika hilo kwa tahadhari. Mvua ilinyesha mchana kutwa juu ya bati. Noreen alikuwa ameketi na miguu yake juu ya kiti, akisimulia jinsi dada yake alivyopoteza kiatu katika mazishi. Alimaliza. Ilichukua dakika arobaini, na jina la kasisi lilibadilika mara mbili. Sikumbuki lini nimeusikia mwisho wa hadithi yake. Mwisho ulikuwa mzuri.

Ikiwa mali hii ina faida, bila shaka ni hii, wala kampuni ya bima haina safu ya kuiandika.

2 Julai

Barua imekamilika: kurasa tisa, aya thelathini na moja. Naidhinisha kila neno. Aya ya kumi na nne inasomeka hivi: "Nambari 42, ambamo Bw. D. Pykett anaishi mwaka mzima, ina umri wa miaka kumi na tisa, na haijapewa ilani yoyote."

Noreen aliniuliza kama angeweza kuisoma. Nilimwambia ni ya kitaalamu.

3 Julai

Nimeipeleka makao makuu kwa posta iliyosajiliwa, na nakala kwa Kirsty Mumby.

4 hadi 20 Julai

Joto. Watoto. Shakwe wamepasua mfuko wa takataka. Noreen amemfundisha Pykett kutengeneza mkate wa ndizi, umeungua.

8 Agosti

Nimeshinda. Makao makuu "bila kukiri kosa lolote" yanaongeza miaka mitatu kwa kila karavani iliyozidi umri na kupita ukaguzi. Si yangu tu: nambari 7, nambari 63, nambari 42, zote. Nilimsomea Noreen. Alinikumbatia jikoni, jambo ambalo jiko lile halina nafasi ya kutosha kulifanya vizuri.

Saa tisa alasiri Kirsty Mumby alikuja barazani kwetu. Hakuketi.

"Hongera, Lionel."

"Asante. Neno 'usawa' ndilo..."

"Nimetoka kwa Des. Nimempa ilani."

Nikasema hapana, nambari 42 imeongezewa miaka mitatu, ipo kwenye orodha.

"Karavani imeongezewa. Des siyo. Wewe umeandika anaishi humo. Umewaandikia makao makuu, kwa maandishi, kwa posta iliyosajiliwa. Wameniuliza, 'Kirsty, kuna mtu anaishi nambari 42?' Ningewaambia nini?"

"Ulikuwa unajua. Kila mtu anajua."

"Ndiyo, tunajua. Lakini hakuna aliyeniandikia. Mambo tunayojua tu ninaweza kukaa nayo hadi nistaafu. Ukishaandika, nimearifiwa." Alipenga kamasi. "Ungesema anakaa, ningesema anakaa kwenye kiti. Ungesema anakuja sana. Kuna maneno mengi, Lionel. Wewe mwenyewe ndiye msomi."

Ana hadi tarehe 31 Oktoba kuonyesha ushahidi wa makazi ya kudumu mahali pengine. Asipouonyesha, mkataba wake unafutwa, na karavani, kwa umri wake, hakuna kambi nyingine itakayoipokea. Itavunjwa. Mazingira yake hayana utata: nyumba yake iliuzwa alipoachana na mkewe, na miezi ya baridi alikuwa akihamia kwa dada yake huko Worksop. Dada yake alifariki Novemba iliyopita.

Sikujua habari za dada. Noreen alizijua. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo, na aliyasikia yote.

"Ile ya kitaalamu," alisema.

9 Agosti

Noreen amelala kwenye kochi.

10 Agosti

Nimezingatia msimamo wangu. Sentensi ilikuwa ya kweli. Ilihitajika kuthibitisha umri, ingawa, kwa uaminifu, nambari 7 na nambari 63 zingetosha. Wala umri haukuhitaji kitenzi. Ningeweza kuandika "nambari 42, iliyo ya Bw. Pykett." Nilichagua kuandika kilichokuwapo, na nilikuwa nimechoshwa na redio. Sababu zote mbili zilishika kalamu, na siwezi kuonyesha ni ipi iliyoisukuma.

14 Agosti

Gesi haikuletwa. Mletaji anasema hakuona nambari yetu.

15 Agosti

Gesi haikuletwa. Nimebeba mtungi mwenyewe kwa toroli. Mwanamke wa duka la magazeti alinirudishia chenji kwa kuiweka kaunta, akaisukuma kwa kidole.

16 Agosti

Mtu ameandika kwa kidole katika vumbi la dirisha la gari letu: ANAISHI. Tahajia ni sahihi.

29 Agosti

Klabu. Nilikwenda kwa kuwa Noreen aliniambia nisiende. Meza niliyoketi ilibaki tupu. Mzee wa nambari 63, ambaye karavani yake imesimama pale kwa sababu yangu, alipita na bia mbili.

"Bwana Garside. Naambiwa nikushukuru."

"Si lazima."

"Vizuri," alisema, akaenda zake.

7 Septemba

Upepo kutoka kaskazini-mashariki, wa kwanza wa majira haya. Pykett alikuwa akikaza kamba za paa lake. Nilitoka nikamwambia kwamba kifungu kilikuwa na lengo jingine kabisa, na kwamba athari iliyompata haikukusudiwa.

Alikaza fundo kwanza. "Unajua, nimekuwa nikijiuliza. Mtu akikuchukia, utamwelewa. Jamaa mmoja Rotherham aliwahi kunipiga kwa spana. Tulikuwa tunachukiana, basi. Wewe hukunichukia?"

"Nilikuwa nakuona msumbufu."

"Msumbufu." Alicheka kwa pua. "Kwa hiyo sikupigwa. Nimefutwa tu kama kosa la chapa."

"Sijaja kubishana."

"Wewe? Ulizaliwa ukibishana na mkunga. Nenda ndani, Profesa, utapata baridi kwenye kamusi."

Sikumwambia kwamba sijawahi kuwa profesa.

22 Septemba

Mvua kutoka pembeni. Maji yamepenya chini ya mlango.

23 Septemba

Pykett amekuja kutengeneza kizingiti. Alimjia Noreen. Mimi nilikuwa chumba kingine futi sita kutoka kwao, nyuma ya ukuta wa unene wa jalada la kitabu, nikamsikia akieleza kwamba ametazama vyumba vya kupanga mjini Skegness, na kwamba wenye nyumba wanataka barua ya mwajiri. Noreen akamwambia hadithi ya kiatu cha mazishini. Alisema Jumapili. Ilikuwa Ijumaa. "Jumapili," Pykett alisema. "Ikawaje?"

6 Oktoba

Noreen ameweka fomu mezani kati ya chumvi na siki. Ni ya ofisi ya kambi. Ushahidi wa makazi ya kudumu unaweza kuwa bili ya kodi ya nyumba, au tamko la mwenye nyumba kwamba mhusika anaishi kwake. Sehemu ya anwani ilikuwa imejazwa, kwa mwandiko wa Noreen. Ni anwani yetu ya Chesterfield. Sahihi yake ilikuwa tayari, na chini yake mstari mtupu, kwa kuwa nyumba ni ya majina mawili.

"Tia sahihi."

"Ni tamko la uongo."

"Ni kitenzi, Lionel. Kimoja. Ulikuwa nacho Julai, ulikitumia bure. Kitumie tena."

"Julai kilikuwa cha kweli."

"Ndiyo. Na umeona kilivyofanya kazi."

Nilimweleza kwamba sijatia sahihi jambo la uongo maishani. Kwamba mtu aliyefanya kazi yangu akianza kufanya hivyo, hana alichofanya miaka thelathini na minne. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, kwamba kama Des ataondoka tarehe 31, karavani naweza kukaa nayo mwenyewe miaka mitatu niliyoshinda, kwani yeye hatarudi hapa, na kuhusu kurudi Chesterfield vilevile atafikiria.

7 Oktoba

Sijatia sahihi.

8 Oktoba

Sijatia sahihi. Bahari ya kijivu, mbingu ya kijivu, haijulikani moja inaanzia wapi.

9 Oktoba

Nimelitazama jambo hili kana kwamba limeletwa mezani kwangu kazini. Mteja anataka tamko. Tamko si la kweli. Kuna njia mbili za kuondoa tofauti kati ya maneno na mambo. Ya kwanza ni kubadilisha maneno, nayo ndiyo niliyoifuata maisha yangu yote. Ya pili ipo. Sijawahi kuitumia.

Nilikwenda nambari 42 saa tano asubuhi. Redio ilikuwa ikisema. Sikuitaja.

"Noreen ameandaa fomu," nilisema. "Inasema unaishi kwetu. Siwezi kutia sahihi kwa kuwa huishi kwetu."

"Nimeambiwa. Usijali, sikutegemea."

"Kwa hiyo itabidi uishi."

Alizima redio mwenyewe.

"Kambi inafungwa tarehe 31," niliendelea. "Kuna chumba cha nyuma, kina vitabu vyangu, kitanda kinaweza kuingia. Novemba hadi Februari. Barua zako zitakuja pale, utajiandikisha kupiga kura pale, daktari wako atakuwa wa pale. Machi utakuja hapa kupumzika kama mtu mwingine yeyote mwenye nyumba. Sentensi itakuwa sahihi."

"Unanitaka nyumbani kwako?"

"Sikutaki hata kidogo."

"Afadhali. Nilidhani umeugua." Aliegemea ukuta. "Nikikataa?"

"Utakuwa huna makazi, mimi nitakuwa nimesababisha, na mke wangu ataondoka. Ukikubali, nitakuwa na redio yako miezi minne. Nimelinganisha."

"Mungu wangu, na unavyolisema." Alisugua uso kwa mikono miwili. Ilichukua muda mrefu kuliko uso ule ulivyohitaji. "Nalipa chakula changu. Na sitaki kuhurumiwa na mtu kama wewe."

"Sina uwezo huo."

"Hatutapendana, Garside."

"Hakuna kifungu kinachodai hivyo."

Nimetia sahihi saa sita kasoro dakika tano. Nimeandika tarehe ambayo makazi yataanza, ili pasiwe na utata.

10 Oktoba

Kirsty Mumby ameisoma fomu mara mbili. "Hii ni ya kweli?"

"Itakuwa, kuanzia tarehe iliyotajwa."

"Ningepokea ya uongo pia," alisema, akaigonga muhuri. "Nilikuwa nimeshaacha nafasi kwenye faili."

31 Oktoba

Maji yamefungwa, mabomba yametolewa maji na kutiwa dawa ya kuzuia barafu. Magodoro yamesimamishwa wima, mapazia wazi, milango ya friji imeegemezwa kwa taulo. Hali: nzuri, kwa kiasi kinachowezekana. Mzee wa nambari 63 alinipungia mkono, au alikuwa akimfukuza shakwe.

3 Novemba, Chesterfield

Pykett alifika jana saa nane mchana, na mifuko miwili, redio, na sanduku la spana ambalo nimemwomba aliweke gereji. Noreen alimwonyesha chumba. Alisimama katikati ya rafu za sheria zilizobatilishwa.

"Zote hizi umeandika wewe?"

"Sehemu."

"Na bado zinafanya kazi?"

"Nyingi zimefutwa."

Alitikisa kichwa, bila dhihaka niliyoweza kuithibitisha.

Leo asubuhi, tukinywa chai, aliniuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa na mtu aliyesoma zaidi. "Hivi kisheria, mtu anaishi mahali kuanzia lini? Akishalala usiku mmoja? Mwezi?"

Nikamwambia kwamba muda si kipimo. Mtu anaweza kulala hotelini mwaka mzima asiishi pale. Kipimo ni nia. Mahali mtu anapoishi ni pale anapoondoka akikusudia kurudi.

Alilitafakari. Kisha alivaa koti, akasema maziwa yamekwisha, akatoka. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Duka liko umbali wa dakika sita.

Saa tano na dakika tano nilikwenda dirishani, kwa kuwa kutoka pale huonekana barabara yote hadi kanisani. Noreen alikuwa juu akimtandikia kitanda, akimsimulia mtu kwenye simu jambo refu. Mifuko miwili ilikuwa bado chini ya kitanda. Lakini mtu kama yule anaweza kuacha mifuko. Saa tano na robo nilisogeza pazia. Hapakuwa na mtu isipokuwa msichana wa posta. Nilijiambia kwamba ninachokilinda ni usahihi wa tamko.

Saa tano na dakika thelathini na mbili alitokea konani, amekunja kola, akitembea upande usio sahihi wa barabara. Alikuwa amenunua maziwa ya aina tusiyoitumia. Nilirudi kitini kabla hajafika mlangoni, nikafungua gazeti, na moyo wangu ulikuwa ukienda mbio kwa namna ambayo sikuweza kuipatia neno.